Nilisingizia Ngombe Ugonjwa Wangu wa Nyuma

Ninaandikia muntu mumoja tu: wewe mwenye kukaa kanisani na upande mumoja wa tako, unajifanya kumusikiliza Pasta, na ndani ya kichwa unahesabu dakika. Ninakujua. Nilikuwa hivyo miaka mbili. Kama unatafuta maneno ya kukubembeleza, nenda kwa mama yako. Mimi nitakuambia namna ilikuwa, na mwisho utasimama uende upimwe, ao utabaki pale na ujinga wako.

Nitataja pahali penyewe mara moja, kusudi tusisumbuane: ni mukundu. Basi, nimesema. Kuanzia sasa nitasema "nyuma," sababu watoto wangu wanajua kusoma.

Mimi ni Mama Sifa wa Burungu, kule juu Masisi. Bwana wangu, Papa Sifa, ni muchungaji, baba yake alikuwa muchungaji, na kwao ngombe ikikohoa nyumba yote inaamka. Kazi yangu ni kukamua asubuhi, kufukiza vyansi, vile vyombo vya mbao vya maziwa, na kupeleka maziwa kwa Papa mumoja mwenye kutengeneza fromaji, ile jibini, chini ya kilima. Hiyo kazi niliipenda. Ninaitaja sababu waliniondoa ndani yake.

Ilianza wakati wa mvua, tulipokuwa tunapanda viazi. Kwanza kuwashwa, kuwashwa kwa kukukimbiza nyuma ya nyumba kama mwizi. Kisha nikagusa vinyama vidogo, vitatu, vinne, kama mbegu za mutama. Kisha damu kidogo kwenye kitambaa. Nikajiambia ni minyoo, nikameza dawa ya minyoo. Nikajiambia ni amibe, ile ya kuharisha, sababu kwetu kila kitu ni amibe, nikameza dawa ya amibe mpaka mate ikawa na ladha ya chuma. Hakuna kilichobadilika.

Nikamuambia bwana siku moja tulipokuwa tunafunga ndama.

"Papa Sifa, iko vitu vimeota huku nyuma."

Hakugeuka. "Vitu gani?"

"Chunjua. Kama zile za Bihogo."

Bihogo njo ngombe yetu ya kwanza kwa maziwa. Mwaka ule chuchu zake zilijaa chunjua, na tulifanya vile wachungaji wanafanyaka: unangoa unywele wa mukia wa ngombe, unafunga chunjua kwenye shina yake, unakaza, siku chache inakauka inaanguka. Zenye kubaki unaziacha. Kiangazi kikifika zinaanguka zenyewe.

"Basi ngojea kiangazi," akasema. "Itaanguka yenyewe."

Akarudia kamba ya ndama. Hakuuliza kama inauma, hakuuliza tangu lini. Na mimi, mujinga, nilifurahi hata sababu hakuuliza. Nikangojea kiangazi. Kikaja, kikaenda, vile vinyama vikabaki. Nikangojea cha pili. Wakati ule nilikuwa ninakamua nimechuchumaa, sababu kile kiti cha kukamulia kilikuwa kinanitoa machozi, na haja kubwa ilikuwa vita. Nilikuwa ninakunywa maji tu siku mbili kusudi nisiende.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Siku moja nilichoka. Nikachukua kioo ya Sifa, binti yangu, nikangoa unywele wa mukia wa Bihogo, nikaingia nyuma ya kraal, lile zizi, wakati watu wote wako shambani, nikajifunga chunjua moja namna tunafungaka za ngombe. Nikakaza. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi mwenyewe nilicheka, lakini ilikuwa kisha mwaka muzima kupita. Siku ya tatu nilikuwa na homa ya kutetemesha meno na nyuma imevimba, siwezi kutembea wala kulala chali. Shemeji wangu akanipeleka na moto yake, ile pikipiki, nimesimama kwenye vyuma vya miguu kama askari wa parade, mpaka kituo cha afya.

Pale, mugonjwa na benchi ya wenye kungojea vilitenganishwa na kikwembe tu, kile kitambaa cha kujifunga, kimetundikwa kwenye kamba. Muuguzi, kijana wa juzi, alichungulia, akakunja pua, akauliza kwa sauti ya kuuza samaki:

"Mama, nani alikupitia huku nyuma?"

Nilisikia benchi yote inasogea karibu na kikwembe. Hata mutoto mwenye kulia tangu asubuhi alinyamaza, yule shetani mudogo. Ningeweza kusema "hakuna." Ningeweza kusema "ungoe ile unywele, unipe dawa, ufunge kinywa." Lakini nilikuwa na haya, na kinywa changu kikatafuta mulango wowote.

"Ni ngombe yetu," nikasema. "Iko na chunjua kwenye chuchu. Ninaikamua, ninasahau kunawa mikono. Iliniambukiza."

Akangoa unywele na kibano, akanipa vidonge, nikarudi. Homa iliisha. Uongo wangu haukuisha. Ulinitangulia kufika Burungu.

Kesho kutwa yake Papa wa fromaji alirudisha bido yetu ya maziwa ikiwa imejaa. "Mama Sifa, maziwa ya ngombe yenye kuambukiza watu matako, nitafanya nayo fromaji ya nani?" Wanunuzi wengine wakamufuata. Maziwa ilimwangwa, na wewe ukitoka kwa wafugaji unajua: kumwanga maziwa ni karibu na kumwanga mutoto. Papa Sifa akachukua fimbo yake, akazunguka kilima kwa kilima. "Bihogo iko safi! Nani ameona Bihogo inaambukiza muntu? Nani?" Siku tatu alitetea ngombe yake. Mimi hakunitetea hata nusu saa.

Mama mukwe alikuja kuchukua vyansi. Alivipanga kwenye kitunga kimoja kimoja, bila kuniangalia.

"Mukono wenye kugusa ile uchafu haugusi maziwa," akasema. "Na ngombe haiambukizi muntu. Nimekamua tangu sijaota meziba, sina hata titi moja. Ile ugonjwa inatoka kwa mwanaume. Utasema ni nani."

Kwa upande wa ngombe alikuwa na haki. Ninakubali, na inaniudhi mpaka leo.

Aliyeniokoa ni dada Zawadi, mukubwa wangu, ameolewa Kirotshe, kando ya ziwa. Alisikia, kama kila muntu, akapiga simu.

"Unangojea nini kule? Uoze?"

"Dada, nina haya."

"Haya peleka kaburini, watakuzika nayo. Hapa iko dokta mwanamuke mwenye kupitaka kuangalia magonjwa ya wanawake. Kuja."

Nilienda na moto, nimekunja vikwembe viwili chini yangu. Kwenye bariere moja ya barabara askari aliniambia, "Mama, kaa vizuri kwenye moto, utaanguka." Nikamujibu, "Njoo ukae wewe kwa tako yangu, uone kama utakaa vizuri." Wenzake walicheka mpaka wakatuachilia bila kutuuliza kitu.

Kwenye benchi ya kungojea niliwakuta wanawake wengi, kila mumoja anaangalia miguu yake. Mama mumoja muzee aliona namna ninasimama kwa ukuta. Hakuuliza kitu. Alitoa chini yake kipande cha mousse, kile cha godoro, akakigawanya katikati na mikono, akanipa nusu. "Muficha ugonjwa, kifo kinamuumbua," akasema, akarudia kulala. Katika miaka mbili ile, huyo njo muntu wa kwanza kunifanyia kitu bila kunihukumu. Hata jina yake sikuuliza.

Dokta alikuwa mufupi, mwenye haraka, mikono ya moto. Alifunga mulango, mulango wa kweli wa mbao. Akaniambia nilale kwa upande, magoti yafike kifuani. Akatia siki, ndiyo, siki kama ya saladi, akangojea kidogo, akaangalia na taa. Sehemu zilizoharibika zinageuka nyeupe. Mimi nilikuwa ninaangalia ukuta na kuhesabu misumari. Aliangalia na mbele pia, mulango wa kizazi. Kule hakuona nyeupe. Nyuma aliona. Alikata kipande, akakitia ndani ya chupa, akapima damu yangu pia.

"Ukimwi hauna," akaniambia. "Kipande kitaenda mbali kupimwa. Rudi kisha wiki tano."

Wiki tano! Maharagwe ilivunwa, ikapigwa, ikaingia ndani ya mifuko, mimi niko kwa dada ninakata mboga nimesimama. Kungojea kule kunachosha kuliko kulima. Kila moto ikipita ninawaza ni jibu. Shemeji wa Kirotshe alianza kuuliza nitarudi kwangu lini, na watoto wa dada walinipa jina, Shangazi wa Kusimama. Nilimupiga mumoja.

Jibu ilifika. Dokta alikaa karibu yangu, si nyuma ya meza, na nikajua.

"Haijakuwa kansa," akasema. "Lakini chembe za mwili zimeanza kugeuka, na zimegeuka sana. Tukiziacha, siku moja itakuwa. Tukizichoma sasa, kuna matumaini kubwa. Umekuja mbele yake. Kidogo tu mbele yake."

"Ilitoka wapi, Dokta? Sema kweli. Mimi mwanaume wa nyuma sijawahi kuwa naye."

"Nani amekuambia ni lazima? Ni virusi. Inapitia ngozi kwa ngozi, kwa bwana na bibi. Ikiwa mbele inaweza kutembea mpaka nyuma bila muntu kuipeleka. Watu karibu wote wanaipata, kwa wengi inaisha yenyewe, hata hawajui. Kwa wengine inalala miaka, kisha inaamka. Zile chunjua zinatoka kwa aina moja ya hiyo virusi, na yenye kuharibu chembe ni ndugu yake, lakini wanatembeaka pamoja. Hakuna muntu anaweza kuapa nani alimupa nani."

"Na ngombe?"

Akacheka kwa mara ya kwanza. "Ngombe iko na yake. Haipandi kwa muntu. Umesingizia munyama wa watu."

Nikauliza juu ya Sifa. Akaniambia kuna chanjo kwa mabinti, lakini kwetu haijafika. Nikauliza itafika lini. Akainua mabega.

Alipanga kuchoma mara tatu, sababu ukichoma kote siku moja njia inaziba. Ya kwanza ilikuwa wakati wa mvua za kwanza. Sindano ya kutia ganzi, hiyo ninaomba usiniulize. Kisha harufu ya nyama inayoungua, na unajua ni yako. Lakini kilicho kibaya si pale. Ni siku ya pili, wakati tumbo inakuita. Nilijifunga kikwembe kwenye kinywa nisipige kelele. Kisha ndani ya beseni ya maji ya moto na chumvi, mara tatu kila siku, matako ndani ya maji kama kunde. Nilikula papai na matembele mpaka nikachukia rangi yao. Vidonda vilipona pole pole. Ya pili ilikuwa wakati watu wanapalia mahindi, na nilijua sasa kitakachoniuma, kwa hiyo niliogopa mara mbili.

"Imebaki moja, ya ndani zaidi," dokta akaniambia. "Hiyo njo inaniogopesha. Usipokuja kwa hiyo, zile mbili ni bure. Unasikia, Mama? Ni bure."

Nilisikia. Lakini nyumba ya dada ilikuwa imejaa watu waliokimbia vita ya milima ingine, wanalala mpaka jikoni, na mugonjwa mwenye kuhitaji beseni na kona yake alikuwa anazibia wote. Nikarudi Burungu kungojea siku yangu.

Papa Sifa alinipokea bila kusema. Lakini maji alinichemshia. Hiyo nitaisema, sababu sitaki kusema uongo tena: kila asubuhi, akimaliza kukamua, kazi yangu ile, alichemsha maji, akatia chumvi, akaleta beseni, akageuza uso. Asubuhi moja nilikaa ndani ya maji nikauma meno, machozi ikatoka yenyewe. Alikuwa amesimama pale na kikombe. Akasema pole, kama muntu anayesemesha ngombe:

"Zangu hazikuuma hivi."

Maji ilitulia ndani ya beseni.

"Zako gani?"

Akaangalia ndani ya kikombe.

"Papa Sifa. Zako gani?"

Akakaa chini, kwenye udongo, yeye mwenye kupenda suruali safi. Alikuwa nazo mbele, kwa uanaume wake, mwaka mumoja mbele ya kunioa. Alijifunga na unywele wa mukia. Zilianguka. Hakumuambia muntu. Wakati nilimuambia kwenye kamba ya ndama, alijua. Ile "itaanguka yenyewe," haikutoka kwa Bihogo. Ilitoka kwa mwili wake.

"Ulizunguka vilima vyote," nikamuambia. "Ulitetea ngombe."

"Niliogopa."

"Walisema mimi ni malaya. Mama yako alichukua vyansi. Ulisimama pale."

"Hapana kumuambia mama. Mama Sifa, ninakuomba. Atakufa."

Ayi! Yeye atakufa. Mimi mwenye kukaa ndani ya beseni, mimi sitakufa. Nikachota maji na mikono miwili, nikamutupia usoni. Ilikuwa maji ya moto na chumvi, na ilikuwa ya nyuma yangu. Hakujipangusa.

Ilibaki siku moja kufika kwa dokta wakati familia ilikuja. Mama mukwe, shemeji wawili, na Pasta wetu amevaa koti. Walikaa ndani ya nyumba yangu, wakanipa mimi kiti cha mbao, kusudi. Shemeji mwenye moto akaanza: hakuna moto itanipeleka Kirotshe tena mpaka nitubu. Ufunguo wa moto uko kwake. Wenye moto wengine wameambiwa.

"Iko ya tatu kesho," nikasema. "Nikikosa, inageuka kansa. Munaelewa neno kansa?"

"Zambi inageuka vibaya kuliko kansa," mama mukwe akasema.

Pasta aliinua mukono. Si muntu mubaya, ni mwoga tu. "Mama Sifa, hakuna anayetaka kukuua. Useme jina ya mwanaume, tuombe, na kesho utaenda."

"Jina."

"Jina tu."

"Kwanza munisikilize. Juu ya Bihogo nilisema uongo. Bihogo haikuniambukiza. Nilikuwa na haya, nikamusingizia munyama asiyeweza kujibu. Maziwa yake ni safi. Hiyo nitaitubu hata kanisani, nitasimama mbele ya watu wote."

Mama mukwe aligonga paja. "Mumesikia? Nilisema! Sasa jina."

"Na mukilisikia, moto itatoka kesho? Hata likiwauma?"

"Mbele ya Mungu," Pasta akasema.

Wote waliinama mbele kidogo. Walikuwa na njaa yake, ile jina. Nikamuangalia Papa Sifa. Alikuwa kwenye mulango, nusu ndani, nusu inje, anaangalia miguu yake. Nilikuwa nalo kwenye ulimi. Sikulisema. Usiwaze ni huruma. Huruma ilikuwa imenitoka. Nilijua nikilisema mimi, watasema mwanamuke anajitetea. Nilitaka itoke kwa kinywa chake, na kama haitoki, basi nijue niliolewa na nani mbele ya kufa. Nikazidi kumuangalia. Inje ngombe ilikuwa inakojoa, muda murefu.

"Munaona?" mama mukwe akasema. "Hana la kusema."

"Ni mimi," akasema Papa Sifa.

"Nyamaza, mutoto wangu. Hapana kumubebea muke zambi yake."

"Mama, ni mimi. Nilikuwa na chunjua mbele ya kuoa. Nilijifunga na unywele wa mukia, zikaanguka. Nilijua tangu mwaka wa kwanza. Nilimuambia angojee." Akamunyooshea shemeji mukono. "Leta ufunguo wa moto, nitamupeleka mimi."

Hakuna aliyesali. Pasta alifunga kitabu chake. Shemeji akatupa ufunguo mezani kama unamuchoma. Mama mukwe alivuta kitenge kwa kichwa, akatoka, akapita karibu yangu, na hakusema neno. Mpaka leo hajasema. Wiki iliyofuata vyansi vilirudi, vimewekwa kwenye kizingiti, hakuna aliyevileta mbele ya macho yangu.

Ya tatu iliniuma kuliko mbili za kwanza. Kisha mwezi wa beseni, kisha kungojea, kisha kiangazi, na siki tena. Dokta alitia, akangojea, akaangalia muda mwingi na taa yake. Nilihesabu misumari yote ya ukuta, nikaanza upya.

"Hakuna nyeupe," akasema. "Utakuja kila miezi sita. Usikose hata moja."

Sijakosa. Papa Sifa njo ananipeleka, na njiani hatusemi mengi. Nilimulazimisha naye apimwe, akapimwa. Sijamusamehe. Watu wa kanisa wananiuliza hii kasirani yangu itaisha lini. Ninawajibu itaisha siku nitakufa, na dokta anasema, nikishika kontrole zangu za miezi sita, haitakuwa kwa huu ugonjwa.